Walipokuwa Wakibishana Servisi ni Nini

Ninyi wanafunzi, mlipokuja kwangu mtaa wa Kataki hapa Kalemie kuniomba definisyo, yaani ufafanuzi wa usanifu wa programu unaoegemea servisi, niliwapa chai na mandazi, kisha nikawaacha mwende zenu mikono mitupu. Najua mlinisema njiani. Mmoja wenu hakungoja hata kufika kwenye kona. Nimezeeka, lakini masikio ni mazima. "Huyu mama alifanya hii kazi maisha yake yote, na kintu kidogo sawa hiki kinamushinda?"

Hakinishindi, mwanangu. Kinanichoma. Ndiyo sababu naandika, maana nikisema kwa mdomo nitaanza kutukana kabla sijafika katikati, na nyumbani kwetu tulilelewa vizuri.

Fungueni kwanza vitabu vyenu. Kimoja kitawaambia servisi ni kipande cha programu kinachojitegemea. Cha pili kitasema hapana, ni namna ya kupanga kazi za shirika zima, na programu zinafuata nyuma. Cha tatu, kilichoandikwa na mwenye kuuza, kitasema ni kitu kilichomo ndani ya sanduku lake. Hakuna anayesema uongo kati yao, na hapo ndipo shida ilipo. Neno lenye maana moja mbaya watu hulitupa. Lenye maana nzuri nyingi, kila mtu hujichukulia ile inayomnufaisha. Na sisi wa Kongo tulikuwa na balaa la nyongeza, kwa sababu neno lenyewe lilikuwepo kwetu kabla ya kompyuta. Muntu akikwambia "naenda ku servisi," anaenda kazini. Akisema "servisi yetu," anasema idara yao, meza yao, mkubwa wao na muhuri wao. Haya, jaribu sasa kumweleza mwenye muhuri kwamba servisi ni swali na jibu tu kati ya mashine mbili.

Nianze na kicheko, maana huko mbele hakipo.

Ilikuwa katika ukumbi wa hoteli, kando ya ziwa, wakati wa vile vita vilivyowaleta watu wa barabara ya Nyunzu na ya Manono hapa mjini, na magodoro yao kichwani. Mratibu wetu aliitwa Monsieur Aimé. Alitoka Kinshasa, shati limepigwa pasi hata siku ya vumbi, na Kiswahili chake alikuwa anakiokota hapa na pale. Alituonyesha ukutani mchoro wa visanduku vingi, na katikati yake kitu kirefu kinene ambacho mishale yote ilikuwa inakiingia.

"Hii njo basi yetu," akasema. "Basi ya servisi. Kila servisi itapanda humu."

Ninyi mnajua hiyo basi ni nini: ni njia ya pamoja ambayo ujumbe wa programu moja hupita kwenda kwa nyingine. Lakini Papa Shabani, mkuu wa magari, hakuwa na sababu ya kujua. Akanyoosha mkono kwa heshima zote.

"Monsieur, hiyo basi itakunywa mazutu kiasi gani? Na shofa njo nani? Juu gari nilizo nazo hata pneu hazina."

Nusu ya watu ukumbini walikuwa na swali hilohilo la dizeli, dereva na matairi. Kisha Papa Banza, aliyeketi kando yangu, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Papa Shabani naye akacheka, sisi sote tukacheka. Monsieur Aimé hakucheka. Alimtazama Papa Banza, na nadhani kicheko kile hakukisahau mpaka mwisho.

Niwaambie Papa Banza alikuwa nani. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya wafanyabiashara wa ziwa. Babu yangu alileta chumvi na vitambaa kutoka Ujiji, baba yangu akataka nikae dukani. Badala yake nikajifunza kupiga mashini ya kuandikia, kisha kompyuta, na nilidhani najua kazi mpaka alipofika Papa Banza. Alikuwa injinia, amefanya kazi Lubumbashi, lakini alikulia Manono, miaka ambayo umeme wa bwawa la Piana-Mwanga ulikuwa unakuja na kupotea kama mgeni asiye na adabu. Kwa hiyo hakuwa na imani na kitu chochote kinachosema "kesho umeme utakuwepo." Alihifadhi kazi yake kila baada ya sentensi mbili. Aliandika kila programu kana kwamba yule wa upande wa pili amelala, amelewa au amekufa.

"Mama Zaina," alikuwa akiniambia, "programu inayosimama kungojea jibu ni programu inayokufa. Acha swali lako mulangoni. Rudi kufanya kazi yako. Jibu likifika, utalikuta."

Shikeni hilo. Hamtalikuta limeandikwa hivyo katika vitabu vyenu, lakini antena ya satelite ya Kalemie siku ya mvua itawafundisha kwa viboko.

Alinisimulia pia kisa cha kampuni moja ya kusini ambako vijana waliunganisha programu ya ghala na ile ya malori kwa kuchungulia ndani. Yaani programu ya malori ilikuwa inaingia moja kwa moja katika meza za data za ghala na kusoma safu ya tatu. Siku moja watu wa ghala wakapanga upya safu zao, na hawakumwambia mtu, kwa nini wamwambie? Ni nyumba yao. Asubuhi malori yaliyotumwa kuchukua mbao yakaenda kuchukua majeneza. Madereva walishusha majeneza mbele ya nyumba ya mkurugenzi, na mkewe akaanguka na kuzimia. "Toka siku ile," alisema Papa Banza, "nikajua: usiingie chumbani kwa muntu. Piga hodi. Sema unataka nini. Upewe, uende."

Hiyo ndiyo iliyokuwa definisyo yake, kama mnataka moja ya kuandika. Servisi ni kazi moja ambayo programu moja imekubali kumfanyia nyingine, kwa maneno waliyoelewana, na hakuna anayehitaji kujua ndani ya mwenzake kunapikwa nini. Lakini yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema haitoshi. "Kazi moja ni kubwa kiasi gani?" aliniuliza. "Kujumlisha mbili na mbili ni servisi? Kutibu wagonjwa wa mkoa muzima ni servisi? Ukifafanua kwa upana, kila kintu kinaingia. Ukibana, hakuna kinachobaki. Kwa hiyo anza na muntu anayeuliza. Ana swali gani? Jenga lile. Jina utalipa kisha."

Sasa vita. Kalemie ilijaa. Shule zilijaa, makanisa yalijaa, na nje ya mji, upande wa Katanyika na kwingineko, kukaota makambi ya majani na maturubai. Mashirika yakaja, na kila shirika likaja na programu yake. Ofisi ya makambi ilikuwa na yake, ya kuandika familia zilizoingia. Ofisi ya watoto ilikuwa na yake, ya kuandika watoto waliookotwa njiani bila wazazi. Ofisi mbili, moja huku na nyingine ng'ambo ya daraja la Lukuga, na hakuna hata moja iliyotaka kuifungulia nyingine data zake. Siwalaumu kwa hilo. Majina ya watu waliokimbia vita si kitu cha kuachia huku na kule. Kulikuwa na wanaume waliokuwa wanayatafuta majina hayo kwa nia nyingine.

Papa Banza na mimi tuliajiriwa na uratibu, yaani ofisi iliyokuwa juu ya zile zote. Akakaa siku chache akiangalia. Aliona mama anakuja ofisi ya makambi kusema "nimepoteza mutoto," anaambiwa avuke daraja. Huko ng'ambo anaulizwa yote upya, anaambiwa arudi. Akaniambia, "Swali tunalo. Haya tujenge."

Tukajenga servisi moja, akaipa jina Mtoto wa Nani. Kazi yake ilikuwa hii tu. Programu ya watoto inauliza: tuna mtoto anaitwa hivi, mama yake anaitwa hivi, ametoka upande huu. Programu ya makambi inajibu: yupo mtu anayemtafuta mtoto kama huyo, nendeni kambi fulani, au: hayupo. Basi. Hakuna aliyempa mwenzake ufunguo wa nyumba. Swali lilikaa mlangoni hata antena ikiwa imelala, na jibu lilirudi antena ikiamka.

Kazi ngumu ilikuwa majina. Msikilize mtu wa Manono akisema Riziki: atasema Liziki. Karani kutoka Bukavu ataandika Lisiki, mwingine Rizeki, wa tatu aliyesoma kwa masista ataweka herufi ambazo hata mtoto mwenyewe hazijui. Kompyuta haina masikio. Kwake hao ni watoto wanne. Kwa hiyo Papa Banza aliiwekea masikio. Alikaa na mimi, na mama mmoja wa kabila la Waholoholo aliyekuwa anapika ofisini, tukawa tunatamka majina kwa sauti siku nzima, na yeye anaandika kanuni: hapa L na R ni ndugu, hapa S na Z, hapa irabu ya mwisho isihesabiwe. Watu waliopita dirishani walidhani tunasali.

Ikafanya kazi. Namkumbuka baba wa kwanza. Alitoka upande wa Nyunzu na alikuwa amepoteza wavulana wake wawili msituni. Tulipomwambia wapo ng'ambo ya Lukuga, wazima, wanakula, alikiacha kiti kilichokuwa karibu yake. Alikaa chini sakafuni, akaweka viganja vyake vyote viwili kwenye simenti kama mtu anayehakikisha ardhi ipo. Baada yake walikuja wengine. Tulianza kuzoea kilio cha furaha, na hicho ni kitu kizuri sana kukizoea.

Hapo ndipo Monsieur Aimé alipoleta mradi wake mkubwa: Architecture Orientée Services, yaani huo usanifu unaoegemea servisi mlioniuliza. Kuunganisha ofisi zote, hospitali, maji, chakula, kila kitu. Mradi haukuwa mbaya, naapa. Papa Banza aliufurahia tangu mwanzo, kabla ya kile kikao cha hotelini ambapo Papa Shabani aliuliza mazutu ya basi. Lakini kabla ya kujenga, alisema Monsieur Aimé, lazima tufafanue servisi ni nini, ili tusipotee.

Tukaanza kufafanua.

Semina ya kwanza, ya pili, ya ngapi sijui. Mwakilishi wa kampuni iliyouza programu alisema servisi ni kile ambacho sanduku lao linakitambua. Vijana wa kompyuta wa ofisi ya makambi walisema servisi ni ujumbe wenye umbo fulani, na ukikosa umbo hilo si servisi hata ukifanya kazi. Wakuu wa idara walisikiliza, wakasikia neno wanalolijua tangu siku walipoajiriwa, wakatikisa kichwa: servisi ni servisi, kila mtu na yake. Na walipoona Mtoto wa Nani inasifiwa, ofisi ya makambi ikasema ni yake, maana majibu yanatoka kwake. Ofisi ya watoto ikasema ni yake, maana maswali yanatoka kwake. Kila mmoja alitaka iandikwe chini yake katika ripoti.

Mwisho Monsieur Aimé akasoma definisyo, ukumbi ukapiga makofi. Bado naikumbuka: "Servisi ni kitengo kilichotambuliwa na uratibu, chenye msimamizi wake, wajibu wake na mipaka yake."

Papa Banza akasimama. "Hiyo njo biro," akasema. "Mumefafanua biro, ofisi na muhuri wake."

"Ingénieur," akasema Monsieur Aimé kwa upole ule wa watu wenye madaraka, "Mtoto wa Nani, msimamizi wake ni nani?"

"Hana. Ni swali na jibu."

"Iko chini ya kitengo gani?"

"Katikati. Njo maana yake, kuwa katikati."

"Basi kwa definisyo tuliyopitisha, si servisi. Na tuna ofisi mbili zinazoidai. Tuisimamishe kwa muda, mpaka ifafanuliwe."

Mimi nikasimama. Nilisema wabishane, lakini ibishaniwe huku inafanya kazi. Watu wakigombania jina la hospitali hawawafukuzi wagonjwa kwanza. Nilisema tuna majina ya watoto yanayongoja mlangoni. Papa Shabani wa magari alinipigia makofi, yeye peke yake.

"Mama Zaina," akasema Monsieur Aimé, "tunaheshimu hisia zako."

Hisia. Mimi nilikuwa nimeandika nusu ya programu ile. Vijana, na hasa ninyi wasichana, siku mtakapowaeleza watu kitu cha kiufundi na wakawajibu kuhusu hisia zenu, jueni kikao kimekwisha.

Papa Banza alikataa kuizima. Akaitwa fundi mwingine, akaizima. Mkataba wa Papa Banza ulipofika mwisho haukuongezwa, na hakuna aliyetoa sababu. Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Tulikaa juu ya masanduku yake, watu wengi, ndege moja. Hakumsema vibaya mtu yeyote. Aliniambia tu, "Usifute ile programu. Iache pale. Haitaki chakula." Akapanda, akaenda Lubumbashi, akaanza kufundisha.

Mama Feza alikuja wiki ileile.

Alikuwa mwanamke mrefu wa kijiji kimoja kilichoko njiani kabla ya kufika Manono, mjane, aliyeandikishwa kambini. Walipokimbia alikuwa na binti yake mmoja, Riziki, mtoto wa umri wa kuanza kung'oka meno. Watu walikimbia kwa pamoja kuvuka mto mdogo; mkono ukamponyoka. Alisimulia bila machozi, akinionyesha mkono wenyewe, wa kulia, kana kwamba mimi ningeweza kuutengeneza.

"Mama, watu wameniambia kuko mashini hapa inayojua batoto."

"Ilikuwepo," nikasema.

"Imeharibika?"

Nilisema ndiyo, imeharibika. Kisha nikavuka naye daraja mpaka ofisi ya watoto. Karani alikuwa kijana mwema. Aliandika Riziki kwenye kompyuta yake, akangoja, akageuka.

"Haiko, Mama."

"Jaribu na L," nikamwambia. "Jaribu Liziki, jaribu Lisiki."

Akaniangalia kwa huruma na hofu. "Mama Zaina, nimeambiwa natafuta tu jina nililoletewa na kitengo changu. Wewe ni wa uratibu. Mambo yenu ya definisyo yakiisha, leta ombi lipite juu."

Nilikwenda juu. Nilimwambia mkuu wake, nilimwambia Monsieur Aimé, nilisema jina la mtoto kwa sauti mara nyingi mpaka wakanizoea kama kelele za jenereta. Wote walinijibu kwamba wanasikitika sana, na kwamba ndiyo hasa sababu ya kumaliza usanifu haraka. Wakapanga semina nyingine. Sasa walikuwa wanajadili ukubwa wa servisi.

Mama Feza akajifunza siku za vikao kwa kutazama magari. Alikuwa anakuja na beseni la mihogo ya kuchemsha, anakaa ng'ambo ya lango letu, anauza na kungoja. Siku moja nilitoka kununua, akaniuliza, "Mama, mule ndani wanasema nini siku zote?"

"Wanatafuta maana ya neno."

Alidhani namdhihaki. Aliurudisha muhogo kwenye beseni.

"Neno moja?"

"Moja."

"Ni neno la Kizungu?"

"La Kizungu."

"Na Wazungu wenyewe hawajui maana yake?"

"Hawajakubaliana, Mama."

Akanifungia mihogo yangu. Mimi niliingia ndani nikakaa chooni mpaka macho yakakauka.

Kisha vita vilisogea karibu na mji, makambi yakahamishwa, watu wakatawanyika. Kaka zake, wavuvi wa mtoni kule Ankoro, walimfuata wakamchukua. Nilisikia baadaye kwamba alipofika huko familia ilikaa matanga ya Riziki, bila mwili, ili mama apate kupumzika. Walimnyoa nywele. Walipika. Watu walikula wakaenda kwao.

Usanifu haukumalizika. Nawaambia wazi kwa sababu mwalimu wenu huenda akawapa mradi ule kama mfano. Ulikuwa na michoro mizuri. Kila idara ilipata kisanduku chake na mishale yake, na kila kisanduku kilibaki na ukuta wake. Basi ya Papa Shabani haikupata hata dereva. Vita vilipotulia, mashirika yalifunga virago, Monsieur Aimé akapandishwa cheo akaenda kwingine, na mashine za ofisi zote zikarundikwa katika chumba kimoja nyuma ya ghala, chini ya uangalizi wangu. Nilitakiwa kuzisafisha zipewe shule.

Ile ya makambi na ile ya watoto ziliwekwa kwenye meza moja. Mashine zilizokuwa zimetenganishwa na daraja, na vitengo, na definisyo, sasa kati yao kulikuwa na urefu wa kiganja. Hakuna aliyebaki wa kukataza. Nilichukua waya mfupi, nikaziunganisha. Mtoto wa Nani ilikuwa bado pale, kama alivyosema, haikuwa imetaka chakula. Nikaiamsha. Nikajimiminia chai.

Majibu yalianza kuja kabla sijatia sukari. Yalikuwa mengi. Mengine sitayaandika hapa, kwa sababu wenyewe wapo mjini na wanasoma. Katikati yao likaja hili: Lisiki, mama Feza, njia ya Manono. Alikuwa ameandikishwa ofisi ya watoto kabla hata mama yake hajafika Kalemie. Siku ile tulipovuka daraja, Mama Feza na mimi, mtoto alikuwa katika nyumba ya mlezi, mwendo mfupi tu kutoka pale aliposimama mama yake akiambiwa "haiko."

Nilimpigia simu Papa Banza. Nilimwambia.

"Ilichukua muda gani?" akauliza.

"Chai haijapoa."

Kisha akakata. Hakunipigia tena mpaka mwezi ulipokwisha, na hata hapo tuliongea juu ya wajukuu wake.

Mlezi aliitwa Mama Espérance, mwuza ndakala, wale dagaa wa ziwa. Mume wake alikuwa amepata kazi kwenye machimbo ya chokaa, wakahamia Kabimba kando ya ziwa, na mtoto wakahama naye. Nikapanda boti ya mota. Niliwakuta nyuma ya nyumba wanaanika dagaa wao. Msichana mrefu, mikono mirefu ya mama yake, anafukuza kuku huku anaimba. Mama Espérance alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake haikuacha kutandaza samaki.

"Tuliambiwa hana mutu," akasema. "Niliuliza, Mama. Niliuliza mara mingi. Walisema wakimupata mutu watakuja." Kisha akasema, "Yeye anajua mimi njo mama yake."

Habari ilipelekwa Ankoro kwa mtumbwi. Mama Feza alikuja kwa pikipiki mpaka Kalemie, vumbi kichwani, nywele zake zimekwisha ota na kuwa nyeupe. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Njiani kwenye boti aliniuliza tu kama mtoto amemaliza kung'oka meno, nikamwambia amemaliza zamani.

Riziki alikuwa amevishwa nguo nzuri, amesimama karibu na Mama Espérance. Mama Feza alimwita kwa Kiluba, maneno marefu, ya taratibu, kama mtu anayeita kuku asiwatishe. Msichana alisikiliza kwa adabu. Kisha akamgeukia Mama Espérance na kuuliza kwa sauti ndogo, "Anasema nini?"

Siku zile Mama Feza alilala pale, na wale mama wawili walipika pamoja. Hakuna aliyepiga kelele. Sikuwasikia wakigombana hata mara moja, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Siku ya kuondoka nilimkuta Mama Feza hajafunga mzigo wake.

"Nimuvute kwa mukono tena?" akaniambia. "Nikimuvuta, ataponyoka."

Hakurudi Ankoro. Alipata chumba uani kwa watu, nyumba tatu kutoka kwa Mama Espérance, na akaanza kuuza unga wa muhogo. Nilikwenda Kabimba juzi, nikamkuta ameketi na vipimo vyake vya unga. Riziki alipita anatoka shule, daftari kifuani, msichana mkubwa sasa. Alisimama, akainamisha kichwa kama anavyofundishwa mtoto mwema.

"Jambo, Mama Feza," akasema, kama anavyowasalimia majirani wote, akaendelea na njia yake kwenda nyumbani.